LORI LINALOKUNYWA MAJI: TAFUTA LINAPOVUJA KABLA YA KUJAZA TENA



Somo letu safari hii linahusu malori ya zamani yanayotubebea kuni, mchanga na mizigo ya soko. Kila asubuhi utingo anachota jerikeni ya lita 20 kwenye bomba letu na kuimimina katika rejeta. Jioni maji yamekwisha. Kiwango kinacholengwa kambini ni lita 20 kwa mtu mmoja kwa siku. Basi lori hilo limekunywa maji ya mtu mzima, na bado litachemsha njiani. Maji hayapotei bure. Yanatoka mahali fulani, na mahali hapo tunaweza kupaona.

JIHADHARI KWANZA

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Ndani ya rejeta maji yamebanwa, ndiyo maana yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, yanachemka yote kwa ghafla na kukurukia. Niliwahi kumsindikiza kituo cha afya kijana aliyeungua uso na kifua kwa namna hiyo. Zima injini, ngoja mpaka uweze kushika mpira wa juu wa rejeta bila kuunguzwa.

Mtu akiungua, mmwagilie maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya. Usimpake mafuta wala dawa ya meno.

JINSI YA KUTAFUTA

1. Egesha lori mahali tambarare, injini ikiwa imepoa. Jaza rejeta. Futa kwa kitambaa sehemu zote zenye unyevu.

2. Tandika katoni kavu chini ya injini. Washa injini mpaka ipate moto, kisha zima. Mikono na nguo ziwe mbali na feni. Tazama doa limeanguka wapi.

3. Doa likiwa mbele kabisa, kagua rejeta. Penye tundu huwa na mstari mweupe kama chokaa au wa rangi ya kutu.

4. Doa likiwa chini ya feni, kagua wota pampu. Chini ya shingo yake kuna kitundu. Kikidondosha maji, sili ya ndani imekwisha. Usikizibe, maana maji yataharibu beringi. Pampu itengenezwe au ibadilishwe.

5. Bonyeza mipira yote kwa vidole injini ikiwa baridi. Uliopasuka, uliovimba au uliolainika kupita kiasi umechoka. Tazama zaidi ncha zake, penye klipu.

6. Geuza kifuniko uone mpira wake. Ukiwa umekatika, maji yatatoka hata kama rejeta ni nzima.

7. Kama hakuna doa, chomoa stiki ya oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Moshi mweupe usiokwisha na mapovu katika rejeta ni dalili nyingine. Huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Usiendelee na safari, mwite fundi.

JINSI YA KUTENGENEZA

Klipu iliyolegea ikazwe. Mpira uliopasuka kwenye ncha, kama ni mrefu wa kutosha, ukatwe pale na kuvalishwa upya. Ukipasuka katikati mkiwa njiani, subirini upoe, ukausheni, mfunge ukanda wa tyubu kwa kuuvuta sana, mzunguko juu ya mzunguko. Hiyo ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Rejeta nyingi za zamani ni za shaba. Tundu dogo huzibwa kwa lehemu baada ya kumwaga maji na kusugua mpaka shaba ing'ae. Usitumie welding'i ya umeme, itatoboa zaidi. Usitie unga, yai wala pilipili ndani: vinaziba tundu moja na kuziba pia vijibomba vinavyopoza injini.

Usimimine maji ya baridi katika injini iliyochemsha. Chuma kinaweza kupasuka, na hapo hasara ni ya injini nzima.

KWA WAZAZI

Malori mengine hutumia kulanti, yale maji ya rangi ya kijani au nyekundu. Nyingi zina sumu yenye ladha tamu. Inaweza kuua mtoto, mbuzi au mbwa. Yasimwagwe penye watu wala karibu na bomba. Yakimwagika, fukieni kwa mchanga. Jerikeni iliyowekwa kulanti isitumike tena kwa maji ya kunywa, hata ikioshwa mara kumi. Itieni alama ya rangi ili kila mtu aijue.

JIPIMENI

1. Utajuaje kwamba injini imepoa vya kutosha?
2. Kwa nini kitundu cha wota pampu hakizibwi?
3. Lori lenu hutiwa lita ngapi kwa juma? Hesabuni, kisha mseme ni watu wangapi wangeyanywa.