Somo la Tisa: Tumbo Lingali Linauma

Someni kwanza: 1 Wafalme 19:1-8.

Kusudi la somo: Kujua ya kuwa maumivu ya tumbo ya siku nyingi ni maumivu ya kweli, hata kama vipimo havionyeshi ugonjwa, tena kujua namna ya kumsaidia kijana arudie maisha yake.

1. Binti aliyekaa nyumbani

Nianze na habari ya binti mmoja. Alikuwa na miaka 13, naye alikuwa akisoma darasa la sita. Asubuhi alishika tumbo lake karibu na kitovu, akalia. Siku nyingine maumivu yalikwisha kabla ya saa sita. Siku nyingine yalikaa mpaka jioni.

Mama yake alipomleta mara ya kwanza, nilimpa dawa ya minyoo. Mara ya pili munganga alimpima damu, mkojo na choo, akamtazama tumbo kwa mashini ya ekografi. Hakuona ugonjwa. Mara ya tatu watu wengi walikuwa wakingoja mlangoni, nami nilikuwa nimechoka. Nikamwambia mama, "Binti huyu hana kitu."

Neno hilo lilikuwa kosa langu. Baba aliposikia kwamba hana kitu, alisema mtoto ni mwongo na mvivu, akampiga. Bibi yake alisema, "Kama hospitali haioni kitu, basi ni ulozi." Wakauza mbuzi wawili ili kumlipa mtu anayetafuta walozi, naye akamtaja mjane aliyekaa jirani nao. Mjane yule akaanza kuogopa kutoka nje. Na binti akaacha masomo; mtihani wa serikali wa darasa la sita ukapita yeye akiwa amelala kitandani. Tazameni namna neno moja la muuguzi lilivyofungua njia ya fimbo na njia ya ulozi pamoja.

2. Maumivu haya ni ya kweli

Binti yule hakudanganya, wala hakulogwa. Ugonjwa huu unajulikana katika nchi nyingi. Mwaka 1958, katika Uingereza, waganga wawili, John Apley na Nora Naish, walitangaza kazi yao juu ya watoto 1000 wa shule. Waliona ya kuwa mtoto mmoja hivi katika kila kumi alikuwa na maumivu ya tumbo yanayokwenda na kurudi kwa miezi mitatu au zaidi, hata kumzuia kazi zake. Kwa wengi wa watoto wa namna hii hakuna kidonda, wala uvimbe, wala mdudu anayeonekana.

Basi maumivu yanatoka wapi? Mungu ameweka mishipa ya fahamu mingi sana ndani ya matumbo. Mishipa hiyo inapeleka habari kwa ubongo, nao ubongo unarudisha habari kwa tumbo. Fikiri juu ya mbwa anayelinda nyumba. Mwizi akija usiku, mbwa anabweka, na ni vema. Lakini mbwa wengine, baada ya mwizi kuja mara moja, wanabweka kila usiku, hata mtoto wa nyumba akipita, hata jani likianguka. Sauti ya mbwa ni ya kweli, lakini mwizi hayuko tena.

Ni vivyo hivyo kwa tumbo. Labda kijana aliugua kuhara, au alipata hofu kubwa, au huzuni ya kufiwa, au vita ilimkimbiza kwao. Mara nyingine hatujui mwanzo wake. Mishipa ikazoea kupiga kelele. Sasa chakula kidogo, hewa kidogo tumboni, au wasiwasi wa mtihani, vyote vinaleta maumivu. Na kijana anapoyaogopa maumivu, anayangojea na kuyasikiliza saa zote, na hofu hiyo inayaongeza.

3. Kwanza kupimwa

Usiseme "ni mishipa tu" kabla kijana hajapimwa. Katika nchi yetu ya Congo yako magonjwa mengi ya tumbo: minyoo, amiba, bilharzia, tifoide, vidonda vya tumbo, na kifua kikuu cha matumbo. Malaria pia, na ugonjwa wa damu unaoitwa SS, vinaweza kuleta maumivu ya tumbo. Mlete hospitali upesi ukiona mojawapo ya dalili hizi:

- damu katika choo au katika matapishi, au matapishi ya rangi ya majani;
- homa, au macho ya manjano;
- tumbo gumu, au maumivu makali upande wa kuume chini;
- kukonda, au kutokukua;
- maumivu yanayomwamsha usingizini;
- kuhara siku nyingi;
- msichana asiyeona damu yake ya mwezi.

Jambo lingine tusilifiche. Mara nyingine kijana anaumwa tumbo kwa sababu mtu anamtendea mabaya, nyumbani, njiani au shuleni. Muulize kwa upole, mkiwa peke yenu, nawe umsikilize. Akikuambia, usimlaumu. Mlete kwetu siku ile ile.

4. Yale yaliyoonekana kwa wengine

Mwaka 2006 wataalamu wa mji wa Nashville, katika Marekani, walitangaza jambo la ajabu. Waliwanywesha watoto maji mengi mpaka tumbo lijae na kusumbua. Kisha wazazi wengine walifundishwa kuuliza juu ya maumivu na kuyahurumia. Wengine walifundishwa kugeuza mazungumzo yawe ya mambo mengine. Wengine hawakufundishwa kitu. Watoto walioulizwa sana juu ya tumbo walilalamika karibu mara mbili kupita wale ambao wazazi wao hawakufundishwa kitu; walioongezwa na mambo mengine walilalamika kama nusu tu. Na wazazi wa watoto wagonjwa walifikiri kugeuza mazungumzo kutawaumiza watoto, lakini watoto wenyewe walisema kuliwafanya wajisikie vema zaidi.

Katika Swideni, huko Stockholm, wataalamu walianza kuwafundisha vijana kwa njia ya intaneti, kwa juma 10. Kila juma kijana alisoma somo, alifanya zoezi nyumbani, akamwandikia mtaalamu habari zake, naye mtaalamu akamjibu. Wazazi nao walikuwa na masomo yao. Mwaka 2017 walitangaza habari za vijana 101 wa miaka 13 mpaka 17, na mwaka 2019 habari za watoto 90 wa miaka 8 mpaka 12. Waliofundishwa walipata nafuu kupita wale waliongojea zamu yao au waliotibiwa kama desturi. Hatusemi maumivu yote yalikwisha kwa kila mmoja. Lakini yalipungua, na maisha yao yalirudi.

Katika masomo hayo hapakuwa na kidonge cha siri. Kazi kubwa ilikuwa hii: kijana ajifunze kuyaendea, kidogo kidogo, mambo aliyoyaacha kwa kuogopa tumbo lake. Kazi hiyo yaweza kufanyika kwako pia, hata kama huna telefone, ukiwa na daftari, mzazi mwenye saburi, na muuguzi wa kumwuliza. Lakini mkiwa na telefone, jihadharini na watu wanaouza dawa humo. Na msinunue vidonge ovyo sokoni: ibuprofene na dikilofenake vyaweza kuumiza tumbo lenyewe.

5. Kazi ya nyumbani

Wewe kijana, chora ngazi katika daftari lako. Chini kabisa andika jambo unaloogopa kidogo tu. Juu kabisa, lile unaloogopa kupita yote. Ngazi ya binti yule ilikuwa hivi:

Kwanza, kula maharagi kidogo na jamaa mezani.
Pili, kwenda kuteka maji pamoja na dada yake.
Tatu, kukaa katika ibada ya siku ya Mungu mpaka mwisho, bila kukaa karibu na mlango.
Nne, kwenda masomo mpaka saa ya mapumziko.
Tano, kutumia choo cha shule.
Sita, kukaa masomoni siku nzima.

Panda ngazi moja tu, irudie siku kadhaa mpaka hofu ipungue, kisha panda nyingine. Usingoje maumivu yaishe ndipo uanze. Yakija njiani, vuta pumzi polepole mpaka tumbo lijae, itoe polepole zaidi, kisha endelea na kazi yako. Lala na kuamka saa ile ile kila siku.

Wewe mzazi, acha kuuliza kila asubuhi, "Tumbo linauma?" Mwamini mtoto mara moja, umwambie: "Najua linauma. Najua pia unaweza." Kisha zungumza naye juu ya mambo mengine. Msifu kwa kila ngazi aliyopanda. Siku akibaki nyumbani, isiwe siku ya soda na kucheza. Akae kimya na daftari zake. Mwende kwa mwalimu, mkamweleze, ili amruhusu kutoka kwenda choo bila kumwaibisha. Na fimbo iwekwe mbali kabisa.

6. Elia chini ya mti

Elia alikuwa mtu hodari wa Mungu, lakini kwa hofu ya Yezebeli alikimbia jangwani, akalala chini ya mti, akataka kufa. Tazameni namna Mungu alivyomtendea. Hakumwambia kwamba anadanganya. Hakumpiga. Alimtuma malaika mwenye mkate na maji, akamwacha alale tena. Lakini hakumwacha pale siku zote. Malaika alimgusa mara ya pili, akampa chakula tena kwa sababu safari iliyobaki ilikuwa ndefu. Huruma na safari vilikwenda pamoja. Mzazi mwenye huruma tu atamwacha mtoto chini ya mti. Mzazi anayesukuma tu atamvunja moyo.

Nilimwita mama wa binti yule, na baba pia, nikaomba msamaha kwa neno langu. Nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi. Tulihesabu juma 10, na kila siku ya soko binti aliniletea daftari lake. Ngazi ya tano ilimshinda mara tatu. Mwaka wa masomo ulipoanza tena, alirudia darasa la sita. Siku nyingine tumbo lake lingali linauma, naye huenda nalo masomoni. Baba yake alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mjane, akaketi, akamwomba msamaha mbele ya watoto wake. Mbuzi hawakurudi.

Maulizo

1. Kwa nini si vema kusema "hana kitu"?
2. Taja dalili tano za kumleta kijana hospitali upesi.
3. Mbwa anayebweka bila mwizi anatufundisha nini juu ya tumbo?
4. Ngazi ya kwanza ya mtoto wako itakuwa jambo gani?
5. Je, yuko mtu katika kijiji chako aliyetajwa kuwa mlozi kwa sababu ya ugonjwa wa mtoto? Utamtendea nini juma hili?

Maombi: Ee Bwana, uliyemlisha Elia na kumwinua, utupe saburi kwa watoto wetu wanaoumia, na utulinde vinywa vyetu. Amina.