"Lump": Uvimbe, Donge au Nundu?

Wanachuo wenzangu, hasa mnaojiandaa kwenda kufundisha Kiingereza, leo naomba tulikalie kitako neno moja dogo: "lump". Ukifungua kamusi ya mfukoni utaambiwa ni uvimbe, basi. Mwanafunzi anaandika hivyo, mwalimu anaweka tiki, kipindi kinaisha. Mimi naona tiki hiyo inatolewa mapema mno.

Tuanze jikoni. Uji ukikorogwa vibaya, Mwingereza anasema una "lumps". Sisi tunasema una madonge. Sijawahi kusikia mtu akilalamika kuwa uji wa kantini una uvimbe. Mtu akizuia machozi, Mwingereza anasema ana "lump" kooni. Mswahili naye anasema donge limemkaba. Lugha hizi mbili hazina undugu, lakini hapa zimekutana palepale. (Ila sisi tumeongeza letu: mwenye donge pia ni mwenye kijicho, na hilo Mwingereza hanalo.) Kwenye pesa, "lump sum" ni malipo ya mkupuo. Walimu watarajiwa tulijue vizuri, maana mabishano yote ya kikokotoo, pamoja na ile asilimia 33 ya mwaka 2022, yalikuwa juu ya mkupuo. Na bado tunasema fulani kapata donge nono. Bumu letu silitaji, hilo halina unono wowote.

Sasa ukiyaweka pamoja utaona kiini cha neno. "Lump" ni kitu kilichoshikamana, hakina umbo maalumu, na mkono au ulimi unakihisi kuwa kigumu kuliko vilivyokizunguka. Neno halisemi kimetoka wapi, wala kama kina madhara.

Uvimbe ni habari nyingine. Limetokana na kitenzi vimba, yaani kutuna, kuongezeka ukubwa. Mguu unavimba, shavu linavimba, hata mtu huvimba kwa hasira. Kuvimba unakuona kwa macho. Donge unalipata kwa vidole. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka ifike hospitali.

Kila Oktoba, mwezi wa kuhamasisha kuhusu saratani ya matiti, tunapewa vipeperushi vinavyosema tuangalie kama tuna uvimbe kwenye titi. Mwenzangu mmoja wa hosteli alisoma, akasimama mbele ya kioo, akasema yeye hana, yuko sawa. Wiki kadhaa baadaye akaninong'oneza kwamba ana kitu ndani, kama punje ya kunde, hakiumi, na ukikigusa kinateleza. Nikamuuliza, mbona ulisema huna? "Si hakijavimba!" Kwa Kiswahili alichokulia nacho alikuwa sahihi kabisa. Kile kipeperushi kilimwambia atazame, hakikumwambia apapase.

Alikwenda kupimwa akaambiwa ni fibroadenoma, aina ya uvimbe usio saratani inayowapata sana wasichana wa umri wetu. Tulishukuru. Lakini jamani, saratani yenyewe mara nyingi huanza kimyakimya vilevile: haiumi, na kwenye kioo huoni kitu. Daktari ana haki ya kuandika uvimbe, ni istilahi yake. Anayewaandikia watu wa kawaida angeongeza maneno machache tu: "donge au kitu kigumu unachokihisi kwa vidole, hata kama titi halijavimba." Wino wa mstari mmoja.

Visawe vya neno hili kwa Kiingereza ni vingi, na vingine tunavyo sawasawa. "Bump" ya kujigonga kichwa ni nundu, ya barabarani ni tuta. "Boil" ni jipu, "pimple" ni chunusi, "blister" ni lengelenge. Kile kijipu cha kwenye kope ni chokea, na "mumps" ni matubwitubwi, neno ambalo ukilitamka tu mashavu yenyewe yanajaa. Kwenye "goose bumps" tunaachana: Mwingereza anaona vipele vya ngozi ya bata bukini, sisi tunaona mwili unasisimka na vinyweleo vinasimama.

Kuna pahala pia sisi ndio matajiri. Ukiwa na kidonda mguuni na tezi ya kwenye kinena ikavimba, hiyo ni mtoki. Neno moja, na bibi yeyote kijijini akilisikia atakuuliza kidonda kiko wapi. Kwa Kiingereza cha kawaida itabidi ueleze: tezi, imevimba, kwenye kinena. Watu wanaodai Kiswahili hakina maneno ya kitabibu nawaomba wamweleze bibi huyo kwanza.

Nikiwa field, kidato cha pili, nilipeleka darasani mfuko wa unga uliopata unyevu. Nikawaambia wafumbe macho, waingize mkono, wataje wanachokishika kwa Kiswahili. Wote wakasema madonge, hakuna aliyesema uvimbe. Hapo ndipo nikaandika "lump" ubaoni. Kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Na nundu ya ng'ombe, Mwalimu, nayo ni lump?" Hapana, hiyo ni "hump", ngamia naye anayo, na kengele ikalia kabla sijafika kwenye tuta la barabarani.