Kengele ya Terminali: Isikike, Ionekane, Isikere

Ukiamuru kompyuta inakili data nyingi au ijenge programu kubwa kupitia terminali, kazi inaweza kuchukua nusu saa, na hakuna mtu wa kukodolea macho maandishi muda wote huo. Utainuka ukanywe chai, au utahamia dirisha jingine. Programu nyingi za maandishi hazilijali hilo: zikimaliza ziko kimya, zikikwama ziko kimya vilevile. Ilhali njia ya kukuita ipo tangu zamani.

Mwaka 1963, jedwali la herufi la ASCII lilipotolewa Marekani, namba 7 ilitengewa kengele. Mashine za Teletype, zilizochapa ujumbe uliofika kwa waya, zilikuwa na kengele ya kweli ndani yake. Namba 7 ikifika kwa waya, kengele inagongwa na karani anajua kuna ujumbe. Mashine hizo hazitumiki tena, lakini namba ile bado inafanya kazi. Jaribu hivi kwenye Linux au Mac:

make; printf '\a'

Mahali pa make weka kazi yako yoyote. Nukta mkato inaiambia kompyuta kwamba kazi ikiisha, iwe imefaulu au imeshindwa, iendelee na amri inayofuata, ambayo ndiyo inayotuma namba 7. Wengi huweka && badala ya nukta mkato, na hapo kengele hulia kazi ikifaulu tu. Ikishindwa, utaendelea kusubiri bure, na kwa maoni yangu kushindwa ndiko kunakohitaji kengele zaidi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba programu haichezi sauti yoyote. Inatuma namba tu, na terminali iliyo mbele yako ndiyo inayoamua ifanye nini. Hata kama umeingia kwa SSH kwenye seva iliyo mji mwingine, kengele italia kwenye kompyuta yako, si kule kwenye chumba cha seva. Na uamuzi ni wako: mlio, mmweko wa skrini, au kimya kabisa. Kiziwi atachagua mmweko, asiyeona atachagua mlio, na aliyemlaza mtoto pembeni atazima sauti, wote wakitumia programu ileile bila mwandishi wake kubadilisha chochote.

Kinachowaudhi watu zaidi ni bash, programu inayopokea amri zako kwenye terminali, kulia kila unapobonyeza Tab na jina la faili lisikamilike. Dawa yake ni kufungua faili ya .inputrc kwenye folda yako ya nyumbani (kama haipo, iunde) na kuandika:

set bell-style visible

Neno visible linaleta mmweko pale terminali inapouweza, audible linaleta mlio, none linanyamazisha. Kisha fungua terminali upya. Kwenye kihariri cha Vim andika :set visualbell; xterm nayo ianzishe kwa xterm -vb. Wanaotumia tmux wana faida moja zaidi: dirisha usilolitazama likipigiwa kengele, jina lake huwekewa alama ya mshangao kwenye mstari wa chini.

Sasa niseme na wanaoandika programu. Maktaba ya ncurses ina beep() na flash(), na terminali isipoweza kimoja, maktaba hujaribu kingine. Tafadhali msiite flash() ndani ya mzunguko wa makosa. Miongozo ya WCAG, ya kufanya wavuti utumike na watu wenye ulemavu, inataka kitu chochote kisimweke zaidi ya mara 3 kwa sekunde moja, kwa sababu mmweko wa haraka unaweza kumwangusha mtu mwenye aina fulani za kifafa. Pia hakikisheni matokeo yanakwenda kwenye terminali kabla ya kutuma kengele. Yakielekezwa kwenye faili, namba 7 zitabaki humo kama takataka.

Zaidi ya yote, kengele haielezi kilichotokea. Iandamane na sentensi inayobaki kwenye skrini: faili gani, kosa gani, mtumiaji afanye nini. Rangi peke yake haitoshi, maana wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Andikeni neno KOSA, kisha mkitaka lipakeni rangi. Kwa mtu asiyeona wala kusikia, anayesoma terminali kwa vidole kupitia BRLTTY na kifaa cha breli, mlio na mmweko vyote havimfikii. Maneno ndiyo pekee aliyo nayo.

Kwa hiyo kabla hujaigawa programu yako, zima spika uiendeshe, kisha zima rangi uiendeshe tena, na uisababishie kosa kwa makusudi mara zote mbili. Kama hukuweza kujua kimeharibika nini, irekebishe kwanza.