Kuondoka Mlimani na Gari la Gia za Mkono

Ukitoka mitaa ya ndani ya Bunju kuingia Barabara ya Bagamoyo, kuna sehemu utasimama pua ya gari ikiwa juu, ukingoja nafasi. Mbele yanapita malori na daladala. Nyuma, bodaboda imekuganda kwenye bampa. Hapo ndipo dereva mpya anapoanza kutokwa jasho.

Kinachomponza ni ile sekunde mguu wa kulia unapotoka kwenye breki kwenda kwenye mafuta. Gari halijashikwa na kitu, linarudi. Handibreki ipo kwa ajili ya sekunde hiyo. Wapo wazoefu wanaoicheka, eti ni ya wanafunzi, waache wacheke.

Ukisimama, vuta handibreki mpaka gari litulie hata ukiachia breki ya mguu. Kanyaga klachi hadi chini, ingiza gia namba moja, kisha kanyaga mafuta zaidi kidogo ya unavyofanya tambarare. Sasa achia klachi polepole. Kuna mahali itashika: mlio wa injini unazama, gari linatetemeka kidogo, boneti inanyanyuka. Mguu ubaki hapo hapo. Tazama vioo na barabara, ndipo ushushe handibreki huku ukiongeza mafuta. Wengi huharibu hapa: wakiona gari limesogea wanaiachia klachi yote kwa mkupuo, gari linaruka na kuzima. Malizia kuiachia taratibu.

Likizima, breki ya mguu kwanza, kisha handibreki, klachi chini, washa upya. Anayepiga honi nyuma atangoja.

Nafasi ikichelewa, usilishikilie gari kwa klachi likiyumba mbele na nyuma. Sahani ya klachi inasuguana, inapata moto, na harufu yake ya kuungua utaijua siku hiyo hiyo. Bei ya kuibadilisha utaambiwa gereji.

Wakati wa masika, udongo ukiloa, punguza mafuta. Ukizidisha, tairi zinachimba mahali pamoja. Na handibreki inayopanda hadi mwisho bila kushika, ipeleke kwa fundi kabla ya kufikiria mlima wowote.

Kujifunza, tafuta mteremko mfupi usio na watu, asubuhi ya Jumapili. Dereva mwenye leseni anayekufundisha asisimame nyuma ya gari kukuelekeza kwa mikono. Akae kiti cha pembeni, handibreki ikiwa karibu na mkono wake.