SOMO LA WIKI: Mng'ao wa gari una gharama yake

WAFANYABIASHARA wanaopeleka Tabora magari yaliyotumika wanajua kwamba mnunuzi hutazama rangi kwanza, injini baadaye. Ndiyo maana kazi ya kupiga msasa wa maji na kung'arisha bodi kwa mashine huwavutia wenye mtaji mdogo. Hata hivyo, kazi hii inaweza kumwingiza mwenye gereji katika hasara asipoifahamu vizuri.

Jambo la kwanza ni kuelewa kinachong'arishwa. Juu ya rangi ya gari hupakwa klia, ile vanishi angavu. Klia ya kiwandani huwa na unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, yaani pungufu ya unene wa unywele. Msasa na mashine haviongezi kitu, vinapunguza. Kila gari linapong'arishwa, sehemu ya klia hiyo huondoka na hairudi. Na klia ndiyo inayoikinga rangi na jua, ambalo Tabora, mji ulio mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ni kali.

Kazi yenyewe huenda kwa hatua. Gari huoshwa na kukaushwa. Mkwaruzo hupimwa kwa ukucha: ukucha ukinasa, mara nyingi mkwaruzo umeshapita klia na msasa hautausaidia. Usiponasa, fundi huloweka msasa namba 2000, huuzungushia kibao na kusugua taratibu kwa maji yenye sabuni kidogo. Kisha huja namba 3000, kazi yake ikiwa ni kufuta alama za msasa uliotangulia.

Baada ya hapo ni mashine. Pedi ya manyoya yenye dawa kali hutangulia, ikifuatiwa na pedi ya sponji yenye dawa laini. Mwendo wa mizunguko 1,000 hadi 1,500 kwa dakika unatosha. Pedi ilale sawasawa, wala isisimame mahali pamoja, kwani joto huunguza rangi. Kingo za boneti na milango hufunikwa kwa gundi ya karatasi, maana hapo klia ni nyembamba zaidi. Wakati wa kiangazi sakafu imwagiwe maji. Punje moja ya mchanga chini ya pedi huleta mikwaruzo mipya.

Sasa tutazame hesabu, kwa mfano tu. Tuseme msasa na gundi ni sh. 20,000, dawa sh. 30,000, uchakavu wa pedi sh. 10,000, umeme sh. 5,000 na ujira wa fundi sh. 60,000. Jumla ni sh. 125,000. Mteja akilipa sh. 180,000, faida ni sh. 55,000. Magari matatu huleta sh. 165,000. Lakini boneti moja ikiungua na kupakwa upya kwa sh. 150,000, faida ya magari yote matatu inabaki sh. 15,000. Kwa hiyo fundi mpya ajifunzie kwenye milango ya skrepa, si kwenye gari la mteja.

Mnunuzi naye ajihadhari. Baadhi ya dawa zina mafuta yanayoziba mikwaruzo kwa muda. Gari likioshwa mara chache, mikwaruzo hurudi. Dawa yake ni kupangusa sehemu ndogo kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kisha kuitazama juani. Kipimo cha unene wa rangi pia ni msaada. Bodi ya chuma yenye rangi ya kiwandani kwa kawaida husoma mikroni 100 hadi 150 hivi. Ikisoma mamia mengi, imepakwa upya, na ikizidi 1,000, chini kuna puti. Mlango mmoja ukisoma pungufu sana kuliko mingine, klia yake imeliwa.

Zama za misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, kitambaa cha merikani kilitumika kama fedha. Hakikuwa na urembo. Kilithaminiwa kwa uimara wake. Kizuri chajiuza, wahenga walisema, lakini katika soko la magari mnunuzi aulize kwanza uzuri huo umebakiwa na mikroni ngapi.