Utafiti, Ubunifu na Tija ya Kampuni: Funzo la M-Pesa

Makala haya yanadhamiria kuchunguza uhusiano uliopo baina ya uwekezaji katika utafiti, ubunifu na tija ya kampuni. Tija ni uwiano baina ya kinachozalishwa na kinachotumiwa kukizalisha, yaani nguvukazi, mtaji na wakati. Uvumbuzi ni kupatikana kwa jambo jipya, ilhali ubunifu, kwa maana ya kiuchumi, ni kulitia jambo hilo katika matumizi. Aghalabu hudhaniwa kwamba kampuni ikitenga fedha za utafiti, tija hupanda yenyewe. Historia ya M-Pesa nchini Kenya inaonyesha upungufu wa dhana hiyo.

Mradi huo ulianzishwa na kampuni ya Vodafone ya Uingereza kwa msaada wa fedha za serikali ya nchi hiyo. Majaribio yalianza Oktoba 2005 katika maeneo ya Nairobi na Thika. Lengo la awali lilikuwa kuwawezesha wateja wa taasisi moja ya mikopo midogo kupokea na kulipa mikopo kwa simu ya mkononi. Hata hivyo, ilibainika kuwa baadhi yao waliutumia mfumo huo kwa haja nyingine: kuwatumia jamaa fedha na kulipana katika biashara.

Kwa upande mmoja, matokeo hayo yaliubadilisha mpango wenyewe. Safaricom ilipoizindua huduma hiyo Machi 2007, iliijenga juu ya haja ya kutuma pesa nyumbani. Tena ilitumia maduka ya mawakala, hivyo ikawafikia wateja wengi bila kujenga matawi kama benki. Hapo ndipo tija ilipopatikana.

Kwa upande mwingine, taasisi ya mikopo iliyoshiriki majaribio yayo hayo ilitatizika kuoanisha malipo ya simu na vitabu vyake vya hesabu. Wahenga walionya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Ni bayana, basi, kwamba uvumbuzi ulikuwa mmoja ila manufaa hayakulingana. Fedha za utafiti huzaa tija pale kampuni inapokuwa tayari kuyabadilisha malengo na taratibu zake za kazi kulingana na matokeo. Isipokuwa hivyo, utafiti husalia kuwa gharama tu.