SOMO LA KUKU: KUKU ANAYEHANGAIKA KIOTANI



Huenda umeliona jambo hili katika boma lako. Kuku aliyekuwa akitaga vizuri anaingia kiotani asubuhi, anakaa, anatoka, kisha anarudi tena. Anajikaza lakini yai halionekani. Jioni amesimama peke yake pembeni, mkia umeshuka, wala hataki kula. Wengi husema, "Ni baridi tu," wakamwacha. Kesho yake wanamkuta amekufa.

Kuku anayetaga mayai 5 kwa juma hukupa mayai 20 hivi kwa mwezi. Katika mashamba yetu ya skimu, mayai hayo ndiyo chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Basi yafaa tujue kuku huyu ana shida gani, tumsaidie namna gani, na shida hiyo ilianzia wapi. Mara nyingi haikuanzia kiotani. Ilianzia kwenye kihori cha chakula.

Yai linavyotengenezwa

Kuku ana kifuko kimoja tu cha mayai kinachofanya kazi, nacho kiko upande wa kushoto. Kiini kikikomaa hutoka humo na kuingia katika mfereji wa uzazi. Njiani hufunikwa na ute, kisha ngozi nyembamba, na mwisho ganda. Safari yote huchukua saa 24 hadi 26. Karibu saa 20 kati ya hizo ni kazi ya ganda peke yake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku.

Ganda la yai moja lina gramu 2 hivi za kalsiamu, yaani madini ya chokaa. Madini hayo hayo huipa misuli nguvu ya kulisukuma yai nje. Kuku akipungukiwa, ganda huwa laini na misuli hulegea. Hapo ndipo yai hukwama.

Sasa tufanye hesabu. Kuku wa kutaga huhitaji gramu 4 hivi za kalsiamu kila siku, kwa sababu si yote anayokula inayoingia mwilini. Ukimpa gramu 120 za mahindi matupu, hapati hata sehemu ya kumi ya gramu moja. Zinazobaki atazitoa katika mifupa yake mwenyewe, mpaka zimwishie. Tena mahindi mengi humnenepesha, na mafuta ya tumboni huibana njia ya yai.

Shida tatu, na namna ya kuzitambua

Kabla ya kutia mkono, angalia kwanza. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kazi hii, maana kuku huweza kuwa na vijidudu vinavyoharisha watu.

1. Yai limekwama. Kuku hujikaza, husimama wima na mkia chini. Ukipapasa kwa upole chini ya mkia, waweza kuhisi kitu kigumu cha mviringo. Fanya hivi siku ile ile:

(a) Tia maji ya vuguvugu katika karai, kama yale ya kumwogesha mtoto mchanga. Yajaribu kwa kiwiko. Mketishe kuku humo, maji yafike tumboni, kwa dakika 15 hadi 20.

(b) Mkaushe vizuri. Paka mafuta safi ya kupikia kwenye tundu la nyuma.

(c) Mweke katika sanduku lenye nyasi kavu, mahali penye joto, giza na kimya. Mpe maji ya kunywa na makombe ya baharini yaliyopondwa.

(d) Ngoja. Yai lisipotoka baada ya saa chache, rudia mara moja tena.

Usimkamue tumbo kwa nguvu, wala usilivunje yai ndani. Vipande vya ganda hukata mfereji, na kuku hufa kwa usaha. Kama mpaka asubuhi yai halijatoka, mwite daktari wa mifugo.

2. Mfereji umetoka nje. Utaona nyama nyekundu inayong'aa imechomoza nyuma. Mtenge kuku huyu mara moja, maana wenzake wakiona wekundu huo watamdonoa mpaka wamtoe matumbo. Chemsha maji nusu lita, yaache yapoe hadi vuguvugu, utie kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Osha nyama hiyo polepole. Ikiwa imevimba, ipake sukari iliyoloweshwa kwa maji kidogo, kwani sukari hufyonza maji ya uvimbe. Kisha paka mafuta kidoleni, kucha ziwe zimekatwa, uirudishe ndani taratibu. Mweke kuku gizani kwa siku kadhaa ili apumzike kutaga. Mwangaza usizidi saa 8 kwa siku. Nyama ikiwa imegeuka nyeusi au imechanika, usijaribu mwenyewe. Kuku ambaye hali hii humrudia mara kwa mara hafai kuendelea kutagishwa.

3. Yai limeangukia tumboni. Hapa kiini hukosa njia, kikaanguka tumboni na kuoza. Kuku huingia kiotani lakini hatagi. Tumbo huvimba na kuwa kama mfuko wa maji, hutembea miguu imepanuka, na upanga wake hufifia. Maji ya vuguvugu hayatamsaidia. Mwone daktari wa mifugo, akuambie kama anaweza kutibiwa au ni heri achinjwe asiteseke. Nyama ya kuku wa namna hii isiliwe.

Jihadhari na dawa. Usinunue dawa ya kuua vijidudu dukani kwa kukisia. Daktari akikupa, uliza ni siku ngapi mayai yasiliwe wala yasiuzwe, uzihesabu sawasawa. Dawa hupita ndani ya yai ikamfikia mtoto anayelila.

Tena, ukiona kuku wengi kwa wakati mmoja wanataga mayai laini au yaliyopinda, hasa wakikohoa, usidhani ni upungufu wa chokaa. Huenda ni kideri au ugonjwa mwingine wa kuambukiza. Mpashe habari Afisa wa Mifugo bila kukawia.

Kinga

Kwanza, kuku akianza kutaga, mpe chakula cha kuku wa mayai, gramu 110 hadi 120 kwa siku. Mahindi yawe kionjo tu.

Pili, weka makombe ya baharini yaliyopondwa katika chombo chake peke yake. Vipande viwe kama chenga za mahindi, si unga, ili vikae firigisini usiku wakati ganda linatengenezwa. Hakikisha chombo kina makombe jioni. Ukikosa, kausha maganda ya mayai motoni na kuyaponda mpaka yasitambulike. Chokaa ya kupakia nyumba usiwape, huwaunguza.

Tatu, usiwape vifaranga wala matembe chakula hiki kabla ya wakati wa kutaga. Kalsiamu nyingi huharibu figo zao.

Nne, maji safi yasikosekane. Kuku mmoja hunywa robo lita au zaidi kwa siku, na wakati wa jua kali huongeza.

Tano, weka kiota kimoja kwa kuku 4 au 5, mahali penye giza kidogo. Kuku anayefukuzwa kiotani hulizuia yai.

Maswali ya kujipima nyumbani

1. Kuku wako hula gramu 120 za mahindi kwa siku na hutaga mayai 5 kwa juma. Kalsiamu ya maganda hayo inatoka wapi?

2. Kwa nini kuku ambaye mfereji umetoka hutengwa kabla ya jambo lingine lolote?

3. Kwa nini makombe yawepo jioni?

Wasomee jamaa zako maswali haya, hasa yule anayewalisha kuku kila siku. Kisha nendeni pamoja mkaangalie kihori kina nini.